Picha 12 za Mikindani na ugonjwa ulioanzia mgongoni

Simu ilikuja mwezi wa tatu, mvua bado haijakata.

"Shikamoo mjomba. Yule mama wa Mikindani anataka hela zake."

Sikuuliza mama yupi. Juni iliyotangulia nilisimama mlangoni kwangu, Mtwara mjini, nikimsaidia huyu kijana kupakia kwenye bajaji picha 12 zilizofungwa kwa kanga kuukuu. Saba zilikuwa za rangi kwenye hadibodi, tano zilikuwa chapa za lino, yaani picha iliyochongwa kwenye kipande cha linoleamu, ikapakwa wino na kupigwa chapa kwenye karatasi. Kijana nilimfundisha mimi mwenyewe, nyuma ya banda langu la kuandika mabango, na huniita mjomba ingawa hatuna undugu wa damu. Mteja alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe aliyoikarabati kwa fedha za korosho. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza ya kijana. Miezi tisa baadaye mama alimpigia kumwambia picha zinaoza ukutani kama samaki.

Kijana alikuwa ameshapata jibu lake: rangi feki. Alitaka niende naye nikathibitishe hivyo, ili lawama zihamie kwa mwenye duka. Nilikwenda nikiwa nusu nimekubali. Tuliporudi jioni nilikuwa nimehesabu magonjwa kadhaa, na rangi feki ilihusika na moja tu. Lingine lilikuwa langu.

Kugeuza kabla ya kuomba radhi

Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10, safari ya daladala. Njiani nilimwomba kijana jambo moja: asifungue mdomo mbele ya mteja mpaka tuwe tumeshusha picha zote na kuzigeuza. Mchoraji akilalamikiwa hukimbilia kuomba radhi, na akishaomba radhi amekubali kosa ambalo hata halijui.

Mama alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, chai na mihogo ya kukaanga, kisha akatuonyesha. Mapokezi palikuwa na picha ya wanawake watatu wakitoka sokoni, na kanga nyekundu ya yule wa katikati ilikuwa imegeuka rangi ya ufizi wa mgonjwa. Kwenye ujia wa upande wa bahari picha nne zilikuwa zimepinda, moja imevimba kwa chini kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Vyumbani, chapa zilikuwa na utandu wa njano kuzunguka wino na madoa ya kahawia pembezoni.

Tulitandika mikeka barazani tukalaza zile saba za hadibodi kifudifudi. Hapo ndipo kisa kilipoanza kusomeka. Migongo mitatu ilikuwa safi, kahawia ile ile ya dukani. Migongo minne ilikuwa na ukungu mweusi na, kwa chini, kitu cheupe chenye manyoya laini kama ya panya mchanga. Nilikigusa kwa ncha ya ulimi. (Mke wangu ameshanikataza tabia hii.) Chumvi.

Nilimuuliza mama zile tatu safi zilikuwa zimetundikwa wapi. Zote kwenye kuta za ndani, zile za matofali alizoongeza wakati wa kukarabati. Zile nne zilitoka kwenye ukuta mmoja, ule mnene wa zamani unaotazama bahari.

Pacha wawili

Tulikuwa na bahati ambayo mtu hapewi mara mbili. Kati ya zile saba, mbili zilikuwa pacha: jahazi linaloingia na jahazi linalotoka. Kijana alizikata kwenye karatasi moja ya hadibodi, akazipaka praima (rangi ya msingi inayotangulia picha) ile ile siku ile ile, akazichora kwa tubu zile zile za rangi ya mafuta ndani ya wiki moja. Jahazi linaloingia lilitundikwa chumba cha kulia, ukuta wa ndani. Linalotoka likawekwa upande wa bahari. La kwanza lilikuwa zima kabisa, ungeweza kuliuza siku hiyo. La pili lilikuwa limepoteza theluthi ya chini ya tanga, na rangi ilikuwa ikidondoka kwa magamba.

Kama rangi ingekuwa ndiyo mbaya, pacha wote wangeugua.

Ukuta wenyewe ulijieleza. Nyumba za zamani za pwani hii zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Boma la Wajerumani pale Mikindani, la mwaka 1895, lilikuta mji wenye ujenzi wa namna hiyo tayari. Ukuta wa chokaa hunyonya maji na kuyatoa, kama nguo ya pamba. Fundi wa mama aliupiga plasta ya saruji, kisha rangi ya mafuta inayong'aa ili "usafishike". Maji yanayopanda kutoka chini na yale yanayotoka kwenye jiwe lenyewe, jiwe lililozaliwa baharini, yakakosa pa kutokea. Yakatafuta palipo dhaifu, na kila ilipotundikwa picha iliyogusa ukuta pakawa pamejengwa chumba kidogo kisicho na hewa. Ukungu hauhitaji zaidi. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku nyingi huota kwenye chochote chenye chakula, na hadibodi ni chakula.

Chumvi ndiyo iliyomaliza kazi. Chumvi ya bahari, ile ile ya kupikia, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi huanza kunywa maji yenyewe hadi iyeyuke. Ikishuka chini ya hapo hurudi kuwa fuwele. Kila jikoni ya Mtwara inalijua hili, ndiyo maana tunatia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Nyuma ya picha ilikuwa ikitokea hivyo hivyo: usiku inayeyuka na kuingia kwenye nyuzi za ubao, mchana inaganda na kupanuka ndani yake. Ukienda hivyo kuanzia Desemba hadi Machi, ubao unafumuka kutoka ndani.

Hadibodi yenyewe siilaumu. Ni nyuzi za mti zilizofumuliwa kwa mvuke na kushindiliwa kwa joto, ufundi ambao William Mason aliuanzisha Marekani mwaka 1924. Wachoraji wa kwetu tumeizoea kupitia kwa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, jirani zetu, aliyekwenda Dar es Salaam na kuanza kuchora vipande vya mraba vya ubao huo kwa rangi ya mafuta ya kung'aa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni ubao bapa, rahisi, haupasuki kwa mistari kama mbao. Udhaifu wake uko kwenye kingo na mgongoni, ambako hunywa maji upesi kuliko usoni.

Na hapo ndipo ninapoingia mimi. Nilipokuwa namfundisha huyu kijana nilimwambia, nakumbuka hata mahali tulipokuwa tumekaa: "Uso piga vanishi, mgongo hakuna anayeuona." Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote ya mabango. Bango linaning'inia nje, upepo unapita pande zote, na mteja hubadilisha jina la duka kabla ubao haujaoza. Picha ya ndani ni kitu kingine. Ukiziba uso na kuacha mgongo wazi, maji huingia upande mmoja, mgongo hutanuka, uso haujui kinachotokea. Ubao unapinda, na rangi iliyokaukia usoni inalazimishwa kufuata. Nilimfundisha kosa hilo kwa mdomo wangu, nikalirudia kwa mifano.

Kulikuwa bado na swali la magamba. Kwa nini rangi iachie pale na si ubao wote uvimbe nayo? Nilibandua gamba moja kwa ncha ya kisu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, nikaligeuza juu ya kiganja na kulitazama kwa kioo cha fundi saa. Hiki ndicho kipimo ninachompendekezea mtu yeyote kabla hajaanza kubishana. Mgongo wa gamba ukiwa na nyuzi za kahawia, ubao ndio umeachia. Ukiwa na rangi tupu, safi, basi rangi haikushika praima. Gamba letu lilikuwa jeupe mgongoni, na ubaoni palipobaki palikuwa peupe vilevile. Praima ilikuwa imepasuka katikati yake yenyewe, kama biskuti.

"Ulipaka nini hapa?"

Alikuwa amepaka rangi ya maji ya ukutani, ile ya ndoo, ya bei ya chini, akaizimua kwa maji mara mbili ya kiasi chake ili isambae. Rangi hizo zina unga mwingi na gundi kidogo. Kupitisha kiganja tu pale palipokuwa wazi kulitosha, mkono ulitoka mweupe. Ilishikilia jahazi la chumba cha kulia kwa sababu hakuna aliyeisumbua. Upande wa bahari ilisumbuliwa.

Mbili kati ya zile nne zilikuwa za akriliki, na hizo zilikuwa na balaa la ziada. Seremala aliyetengeneza fremu alizifunika kioo moja kwa moja juu ya rangi. Akriliki ni chembe za plastiki zilizokuwa zikielea kwenye maji. Maji yakiondoka chembe hushikana na kuwa ngozi. Ngozi hiyo kwenye joto letu haikomai, hubaki na ulaini fulani siku zote, hata vumbi huinatia. Ukiikandamiza kwenye kioo miezi tisa, huwa kitu kimoja nacho. Tulijaribu kuinua kioo cha ya kwanza taratibu sana. Mbingu yote ilibaki kwenye kioo, mikoko ikabaki kwenye ubao. Ya pili hatukuigusa.

Kanga nyekundu

Hii ndiyo ilikuwa rangi feki, kama unataka kuiita hivyo, ingawa haikuwa feki. Ilikuwa nyekundu halisi isiyoweza kuishi mwangani.

Tulipoitoa picha ya wanawake watatu kwenye fremu, ukanda wa nusu sentimita uliokuwa umefichwa na mbao ulikuwa mwekundu kama siku ya kwanza. Mstari kati ya ukanda huo na sehemu iliyopauka ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mama aliinama akautazama kwa muda, akasema, "Kumbe ulinipa nzuri." Sikusikia sentensi nyingine siku hiyo iliyompa kijana nguvu kiasi hicho.

Mlango wa mapokezi unatazama magharibi na una kioo. Jua la saa kumi linaingia likiwa limeinama, linapiga ukuta ule saa mbili nzima. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale mikali, na kwa rangi dhaifu hata mwanga tunaouona kwa macho unatosha kuivunja.

Tubu aliyotumia ilikuwa imeandikwa "nyekundu" kwa Kiingereza na Kichina, basi. Hakuna namba. Watengenezaji wanaoheshimu wachoraji huandika namba ya unga wa rangi uliomo: PR101 ni nyekundu ya chuma, ndugu wa kutu; PV19 ni kwinakridoni, nyekundu inayotengenezwa maabara; PB29 ni buluu ya ultramarini; PW6 ni nyeupe ya titani; PR83 ni alizarini. Hiyo ya mwisho ni rangi nzuri mno kwa macho, iliyokuwa ikitolewa kwenye mizizi ya mmea hadi Graebe na Liebermann, wanakemia wa Ujerumani, walipoitengeneza maabara mwaka 1868. Inapauka. Kipimo cha Kimarekani cha ASTM hupanga rangi kwa uvumilivu wa mwanga kuanzia I, iliyo bora, hadi V, na mchoraji anayeuza kazi anapaswa kubaki kwenye I na II. Tubu isiyo na namba wala daraja ni ya watoto wa shule.

Sisi wa mabango tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine. Tazama kibao chochote cha tahadhari kilichokaa juani miaka kadhaa: neno HATARI limekwenda na upepo, fuvu jeusi limebaki peke yake na mifupa yake. Nyeusi ni masizi, kaboni, na kaboni haina habari na jua.

Chapa, ufuta na korosho

Chapa tano ndizo zilizonisumbua kichwa, na humo nilikosea mbele ya mwanafunzi wangu.

Kijana huchonga lino kwa visu alivyojitengenezea kwa waya wa mwavuli, anapaka wino kwa rola, anaweka karatasi juu na kusugua kwa mgongo wa upawa wa mti. Hana mashine, wala haihitaji kwa ukubwa ule. Chapa zake ni nzuri. Moja, ya mcheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, aliyeinamisha kinyago, ningeitundika kwangu. Lakini kwenye tatu kati yake kila mstari mweusi ulikuwa na ukungu wa njano kuuzunguka, kama doa la andazi kwenye gazeti, na nilipogusa sehemu yenye wino mzito kidole kilitoka cheusi. Baada ya miezi tisa!

Wino wake wa mafuta, aliouagiza Dar, ulikuwa umekaribia kwisha zikiwa zimebaki chapa tatu. Akaurefusha: masizi aliyokusanya kwenye sufuria, na mafuta. Mafuta gani? Ya ufuta. Nyumbani kwao ufuta wanalima, mafuta yapo kwenye chupa jikoni, na wino wenyewe si wa mafuta? Mantiki yake ilikuwa nzuri tu, ila mafuta hayafanani.

Mafuta ya kitani, ambayo ndiyo msingi wa rangi na wino wa wachoraji, hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Yanakula oksijeni, yanajifunga yenyewe kwa yenyewe na kuwa ngozi ngumu. Mafuta ya ufuta yana uwezo huo nusu nusu, hunata, hayamalizi. Ya nazi hayana kabisa. Tuliporudi nyumbani nilimfanyia jaribio badala ya hotuba: tone la kila moja nililipaka kwa kidole kwenye kipande cha kioo, nikakiweka dirishani. Baada ya wiki la kitani lilikuwa limefanya ngozi, kidole kinateleza juu. La ufuta lilinata kama gundi ya mtego wa panzi. La nazi lilikuwa mafuta ya nazi. Na mafuta yasiyokauka kwenye karatasi hufanya kitu kimoja, husafiri. Ule utandu wa njano ulikuwa ufuta unaotembea.

Chapa mbili za mwanzo, za wino halisi, hazikuwa na utandu. Zilikuwa na njano ya aina nyingine, ya karatasi yenyewe. Alitumia manila, na manila ya duka la vifaa vya shule ni massa ya mbao yenye lignini, gundi ya asili ya mti, ambayo kwa muda hubadilika rangi na kutoa asidi. Seremala akaifunga juu ya hadibodi tupu kwa selotepu. Hadibodi nayo ina asidi yake. Karatasi ikabanwa kati ya mbaya wawili. Kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706 cha mwaka 1994, kinadai iwe na angalau asilimia 2 ya kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ile ile, ya kumeza asidi inapojitokeza, na pH, kipimo cha asidi, kati ya 7.5 na 10. Karatasi ya pamba ya kuchapia ndiyo bora na ndiyo ghali. Ukikosa, hata paketi ya karatasi nyeupe iliyoandikwa kwamba haina asidi ina nafuu kuliko manila.

Sasa madoa ya kahawia. Nilitazama, nikatoa hukumu: ukungu wa karatasi, vile vidoa vya kutu vinavyotokea kwenye vitabu vya zamani. Nilieleza kwa kirefu. Kijana akasubiri nimalize, kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, lakini doa linaanzia kwenye mbao."

Lilikuwa linaanzia kwenye mbao kweli. Kwenye chapa zote tano, pembezoni, mazito karibu na fremu na mepesi kuelekea ndani. Nikanusa fremu. Mtu aliyekulia Mtwara hakosei harufu hiyo. Seremala alikuwa amezipaka fremu kwa ndani mafuta ya maganda ya korosho kuzuia mchwa, kama wazee walivyopaka nguzo. Yanazuia mchwa, sina ubishi. Lakini ni yale yale yanayobabua vidole ukibangua korosho mbichi, meusi-mekundu, na kwenye joto hutoka jasho. Yalitoka jasho miezi tisa ndani ya manila inayonyonya kama sponji. Seremala tulipomuuliza alishangaa kwamba tunashangaa. Alidhani ametufanyia hisani ya bure.

Nani alipe

Mama alitaka arudishiwe fedha zote. Nilimwomba tupige hesabu kwa picha moja moja badala ya kwa jumla, na hapo ile baraza ya mikeka ikageuka baraza la usuluhishi. Nyekundu ni ya kijana: alinunua tubu isiyo na namba. Wino wa ufuta na praima ya maji ni yake pia. Ukuta si wake. Nilimwambia mama hivyo nikimtazama, kwamba hata picha ya mchoraji wa Ulaya ingefumuka pale. Hakufurahi, ila alikuwa ameona pacha wawili kwa macho yake. Migongo iliyoachwa wazi niliichukua mimi, nikalipia hadibodi mpya na praima. Kijana alijaribu kukataa mbele za watu. Nilimwambia anyamaze.

Kurudia kazi kulichukua miezi minne, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri. Chapa zilikuwa rahisi kuliko zote, maana lino zilikuwepo bado, na mama wa chapa akiwa hai watoto wanazaliwa tena. Safari hii wino wa kitani, karatasi ya pamba tuliyoagiza Dar, nyuma yake karatasi isiyo na asidi kabla ya hadibodi, na badala ya selotepu vipande vya karatasi nyembamba vilivyogandishwa kwa uji wa ngano, juu tu, ili karatasi ining'inie na kupumua. Ubaya wa uji wa ngano ni kwamba mende wanaupenda, kwa hiyo fremu inazibwa nyuma vizuri. Fremu mpya hazina korosho.

Hadibodi tulizipiga msasa, tukapaka praima ya akriliki isiyozimuliwa usoni mara mbili na mgongoni mara mbili, kingo mara tatu, kila mkono ukikatiza uliotangulia. Vanishi hakupaka. Rangi ya mafuta inayoonekana imekauka bado inaendelea kula oksijeni ndani kwa miezi, na ile vanishi ya fenicha niliyomzoesha huwa njano na haitoki bila kuondoka na rangi. Atarudi kuzipaka vanishi ya picha mwakani.

Kwa nyekundu tulikwenda mbali kidogo. Nilimpeleka barabara ya Newala, kule uwanda wa juu unakoanza kuonyesha udongo mwekundu ukingoni mwa barabara, tukajaza ndoo ndogo. Unauvuruga kwenye maji mengi, unangoja hadi mchanga utue, unamwagia maji yenye rangi kwenye chombo kingine, unarudia mara nne au tano mpaka kinachotua kiwe laini kama uji. Unakausha, unatwanga, unasaga na mafuta ya kitani juu ya kioo. Kilichomo ni oksidi ya chuma, na hiyo jua halina la kuifanya. Tatizo ni kwamba ni nyekundu ya tofali. Kanga haina rangi ya tofali, na mama aliliona hilo kabla hatujasema. Mwishowe kijana alitandaza udongo chini kama msingi, juu akapitisha kwinakridoni, PV19, kwa tabaka nyembamba. Tubu moja iligharimu zaidi ya zile nyekundu zote alizowahi kununua, akaitumia kama anayetia zafarani.

Picha sita zilirudi ukutani Agosti. Ya saba, ile ya akriliki iliyokwama kwenye kioo, mama alikataa ibadilishwe. Anasema wageni wanaiuliza. Kila picha ina vipande vinne vya soli ya kandambili nyuma, pembeni, kuiweka mbali na ukuta kwa unene wa kidole. Ukuta wa bahari haujarekebishwa. Kubandua saruji na kurudisha chokaa ni fedha za msimu mwingine wa korosho, kama bei itakubali. Kwa sasa mama ameutundika mkeka wa ukindu, na picha zote ziko kuta za ndani.

Picha ya zamani ya kanga nyekundu hatukuitupa. Kijana aliukata ubao ule vipande, akapaka kwenye kimoja mistari mitatu: nyekundu ya tubu ile isiyo na namba, nyekundu ya udongo wa njia ya Newala, na PV19. Nusu ya kila mstari ameifunika kwa karatasi ya foili na kukitundika dirisha la magharibi kwangu. Leo ni wiki ya 11. Jana usiku alikuja, akainua foili kidogo, akachungulia kwa tochi ya simu. Mstari wa kwanza umeshaanza kukimbia. Wa udongo huoni mpaka uko wapi. Wa tatu yeye anasema umesogea kidogo, mimi sioni, na tumekubaliana tusiuguse tena hadi mvua zianze.